Kahawa ya Mheshimiwa Brekke

Halvor Brekke alikuwa na benki ndogo kijijini kwetu Minnesota, Marekani, kijiji cha wahamiaji kutoka Norwe, na mimi sikumpenda wala kumchukia mpaka alipoingia siasa. Mwaka 1936 tulimpeleka bunge la jimbo kwa jambo moja tu: shule yetu ya chumba kimoja isifungwe. Alitushika mkono mmoja mmoja, akaapa haitafungwa.

Miezi sita haikupita, akapiga kura ifungwe.

Alikuja kanisani kutueleza, bila kumung'unya maneno.

"Nimeiona mitihani ya watoto wetu, jamani. Darasa la nane na hawajui kugawanya. Mjini wana walimu wanne. Mlitaka niwadanganye?"

"Ulishatudanganya, Mheshimiwa," alijibu mzee Torvald, aliyeijenga shule ile kwa mikono yake. "Mara ya pili ungetuonea tu."

Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Uchaguzi uliofuata alipata kura kumi na tisa kijiji kizima. Akarudi benki, tukawa tunasalimiana naye na kuzungumza habari za theluji tu, si zaidi. Sisi Wanorwe hatugombani. Tunamnyamazia mtu mpaka ajute kuzaliwa.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya ibada, alishuka chumba cha chini ya kanisa, tulikokuwa tukinywa kahawa, kwa mara ya kwanza tangu ashindwe. Akaketi mezani na wenzake. Zamu ya kumimina kahawa ilikuwa yangu.

"Kahawa, Bwana Brekke?"

"Aa, usijisumbue, Bi Ragna."

Ndiyo adabu yetu. Mtu hupokea akibembelezwa mara ya tatu. Anayepokea mapema ni mroho.

"Kidogo tu?"

"La, wape wengine kwanza."

Akakisogeza kikombe upande wangu, akaniangalia. Alikuwa anangoja ya tatu. Meza nzima ilikuwa ikiningoja mimi. Birika lilikuwa limejaa. Nikampita, nikammiminia Torvald.

Alikaa robo saa nzima mbele ya kikombe kikavu. Kisha akachukua kofia yake.

"Asanteni kwa kahawa," akasema.

Hakushuka tena mle ndani mpaka alipokufa, miaka tisa baadaye.

Jumapili ile ya kahawa, binti yangu Inga alikuwa mwaka wa pili katika shule ya mjini, akipanda basi lililoletwa na kura ile ya Brekke. Wiki hiyohiyo alikuwa ameongoza darasa zima. Nilikuwa nayajua hayo yote nilipolishika birika.