Mama wa Mwana Mpotevu Yuko Wapi?

Jumamosi, kwenye uzinduzi wa riwaya katika kanisa moja la Kanyakine, mwandishi alitusimulia habari za kijana aliyeuza urithi wake, akapotelea mjini, kisha akarudi na kuchinjiwa ndama na baba. Tukapiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa akitupikia mukimo nyuma ya kanisa akaingia, mwiko mkononi.

“Mwalimu, na mama ya huyo kijana ako wapi?”

“Jikoni, anapika,” mwandishi akajibu huku akicheka.

“Na hakuna mtu alimwita aone mtoto wake?”

Mchungaji naye akauliza kama chakula kiko tayari! Hivi hawa wanaume walizaliwa na baba peke yao?

Mama akaweka mwiko juu ya vitabu vipya mezani.

“Kiko tayari. Mjipakulie.”