Vinundu vya Minji

Mwenzangu wa maabara alipohamishwa, nilibaki peke yangu katika chumba cha nyuma pale Kitale. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza mizizi ya minji niliyong'oa mashambani Endebess. Nilikata vinundu vyake kwa wembe, ndani vyekundu kama nyama mbichi, nikawatazama kwa hadubini bakteria walioingia humo kutoka udongoni. Udongoni huwa vijiti vidogo tu. Wakishakaa ndani ya seli za mmea hufura, wengine hutoa tawi kama panda ya manati. Hapo ndipo huanza kuibadili naitrojeni ya hewa iwe chakula cha mmea, nao mmea huwapa sukari. Ila aliyefura hivyo hazai tena.

Siku nyingine jioni ilinifikia sijatamka neno. Nilimwuliza mama muuza sukuma wiki kama mboga ni za leo, ingawa niliona bado zina maji ya shambani, ili nisikie mtu akinijibu.

Kisha mama yangu akaja kutoka Chwele kutolewa mtoto wa jicho. Alipofunguliwa bandeji alitaka kuona kazi ninayofanya. Nilimkalisha kwenye stuli, nikamrekebishia lenzi. Alitazama muda mrefu, akaniuliza kama vile vidudu ni vigonjwa. Nikamweleza kwamba ni vizima, vimebadilika tu kwa ajili ya kazi.

"Na havizai?"

"Hivi havizai, Mama. Vilivyobaki vidogo ndivyo huzaa, vikarudi udongoni."

Nikasubiri. Kila Krismasi alikuwa akiniuliza nitaolewa lini, na sasa nilikuwa nimemfungulia mlango wa kuuliza. Aliinua uso, jicho jipya likitoa machozi.

"Chai hapa unakunywa na nani?"

Nilimwambia nakunywa peke yangu. Alikuwa aondoke kesho yake, lakini akakaa wiki nzima, akija nami kila asubuhi na sufuria yake ya chai, akifuma kitambaa karibu na dirisha. Hatukuongea sana.

Alipopanda gari la Chwele nilirudi kazini, nikaona chumba kimekuwa kikubwa. Baadaye dada yangu alinipigia simu. Akina mama wa kanisani walikuwa wamemwuliza Mama habari za ndoa yangu, naye akawajibu kwamba mimi niko kazini na jicho lake limepona. Nilicheka. Kisha nikakata simu, nikajimiminia chai.