Dada Yangu na Mapigo Sitini na Manne

Haya ninayotaka kuwasimulia hamtayaamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, tena juu ya farasi, na bado kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama sikuota. Lakini wenye chama cha waendesha farasi wa masafa marefu wameniomba niandike kurasa chache kuhusu dada yangu, ziingie kwenye kitabu chao cha kumbukumbu. Wamewapita wasomi, wakanichagua mimi, kwa sababu, kama walivyosema wao wenyewe, nina mdomo. Shule niliiacha darasa la saba, au niseme iliniacha yenyewe. Herufi zikipotea njia humu ndani, msomaji azirudishe zizini.

Dada yangu ndiye huyo mliyemjua kwa jina la Mama Mapigo. Jina hilo alitoka nalo kliniki, alikofanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kwanza kabisa mkono wa kushoto, akipima joto, uzito na mapigo ya moyo ya kila aliyeingia. Saa yake aliibandika kifuani kichwa chini miguu juu, ili akiinamisha macho aisome sawasawa. Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa fundi wa kuwapigilia farasi viatu, mtu anayeweza kumaliza siku tatu kwa maneno manne, na mawili kati ya hayo ni "shika hapa". Basi dada alikuwa na mapigo, shemeji alikuwa na farasi, na Mwenyezi aliyewaoanisha alijua anachokifanya. Dada alipostaafishwa kliniki, chama kikampa kazi ya kuwafundisha wanaoanza.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya tanuri la matofali. Nikifumba macho nauona wote: mabanda manane yenye paa la bati, pipa la maji lenye ukingo wa kijani, na kile chumba cha matandiko kilichonuka mafuta ya ngozi na jasho kiasi kwamba ukitoka humo hata mkeo anakuuliza umelala wapi. Ukutani palikuwa na ubao mweusi. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, dada alipita banda kwa banda, akaandika kwa chaki mapigo ya kila farasi akiwa amepumzika. Thelathini na sita. Arobaini. Thelathini na nane. Huyo wa thelathini na nane alikuwa jike la kijivu lililoitwa Shangazi, maana lilikuwa linakukagua kuanzia viatu hadi kola, kama shangazi aliyekuja kuona kama nyumba ya kaka yake imefagiliwa.

Msiojua mtafikiri masafa marefu ni mbio. Si mbio. Anayeanza hupewa kilomita arobaini, wazoefu huvuka hata mia. Unakwenda vilimani na mabondeni, nusu ya njia daktari wa mifugo anampima farasi wako, na ukimaliza anampima tena. Ukishafika una nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo moyo wa farasi uwe umeshuka hadi mapigo sitini na manne kwa dakika, au chini yake. Ukizidi umetoka, hata kama ulifika wa kwanza huku ukipunga mikono kama bwana harusi. Kwa hiyo anayejua kazi hii haangalii nani yuko mbele. Anasikiliza kilichoko chini ya tandiko.

Mimi wakati huo nilikuwa dereva wa lori la matofali pale tanurini. Siku moja nikamwambia dada kwamba mtu aliyekalia lori langu kwenye barabara ile hawezi kushindwa na mnyama mwenye mkia. Akanitazama, akaniandika kwenye daftari la wanaoanza. Nilidhani kesho yake nitapanda. Wiki tatu nzima, ndugu zangu, sikupanda kitu. Huo ndio ulikuwa mtindo wake: mwanafunzi anatembea kwa miguu kando ya farasi wake, njia yote, kamba mkononi, mpaka ajue kila jiwe na kila kilima kwa magoti yake mwenyewe. Ukilalamika, anakwambia farasi naye angelalamika kama angepewa nafasi.

Halafu kuhesabu. Unaweka vidole nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, kushoto, unatulia, unasikia. Siku ya kwanza nilihesabu, jasho likanitoka, nikakimbia hadi chumba cha matandiko alikokuwa anashona mkanda uliokatika. Nikamwambia tumwite daktari upesi, Shangazi ana mapigo sabini na sita na amesimama tu anatafuna majani.

Hakuinua hata macho. "Pigo moja lina sauti mbili," akasema. "Wewe unahesabu mlango ukifunguka, halafu unahesabu ukifungwa. Mlango ni mmoja. Gawanya kwa mbili, kisha rudi ukamwombe radhi."

Tulikuwa wawili tuliobaki msimu ule, mimi na fundi cherehani mmoja mnene, mpole, aliyepanda farasi kama anayepanda kitanda cha wageni. Dada alimwambia azungumze na farasi wake njiani ili amzoee, na fundi akawa anamsimulia habari za wateja wanaonenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kujaribu nguo. Mimi nikaambiwa kinyume chake. Nikiwa na Shangazi, ninyamaze. Nilijua ni wivu. Wazazi wetu walinipa mimi sauti yote, yeye wakampa masikio.

Sasa sikilizeni shida ilipo. Misimu miwili mfululizo hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyepita kwa daktari mwishoni. Ugonjwa wa wanaoanza ni mmoja: watatii kilomita thelathini na saba bila kosa, kisha wakiiona bendera ya mwisho akili inawaruka, wanapiga shoti, wanafika na farasi anayepumua kama mvukuto wa shemeji. Asubuhi moja mwenyekiti wa chama akaja. Hakuwa mtu mbaya, hata kofia alivua. Alisema kama safari hii hatapita hata mmoja, wanaoanza watahamishiwa uwanja mwingine, na farasi wote wanane wataondoka nao.

Jioni ile nilimkuta dada mbele ya ubao. Amefuta namba zote, na anaandika upya namba zilezile. Nikaanza mzaha wangu, akanizuia kwa mkono wenye chaki.

"Kliniki waliniambia nipumzike," akasema. "Nikapumzika miezi miwili, mdogo wangu. Mwisho nikawa nampima mapigo shemeji yako akiwa usingizini. Sitaki kupumzika tena."

Nikachukua ufagio, nikafagia unga wa chaki bila kuambiwa. Andikeni hilo, maana halitokei mara nyingi.

Siku ya safari ikafika. Duru mbili, kilomita ishirini kila moja. Ya kwanza tulikwenda kama tulivyofundishwa: vilimani tunashuka mgongoni tunatembea, tambarare tunakwenda ule mwendo wa mdundo, si wa kutembea si wa kukimbia, unaokupandisha na kukushusha kama unachota maji. Nusu ya njia daktari akapima. Shangazi, hamsini na sita. Nikavimba kama andazi. Kisha farasi wa fundi cherehani akachukuliwa kukimbizwa kidogo kwenye njia nyoofu, daktari aone miguu, na hatua ya nne tu akaanza kuchechemea. Jiwe lilikuwa limemchoma chini ya kwato. Ametolewa. Fundi akamkumbatia farasi wake shingoni, kisha akaniletea sponji yake iliyolowa. "Umebaki peke yako," akasema, akaenda zake kukaa chini.

Duru ya pili nilikuwa mtu wa adabu kuliko niliyewahi kuwa tangu nizaliwe. Kila kilima nilishuka mgongoni. Kwenye kijito nilisubiri Shangazi anywe mpaka ashibe, na yeye hunywa kama anayeonja mchuzi wa mkamwana. Zikabaki kilomita tatu. Hapo akanipita kijana wa uwanja ule mwingine, akageuka akaniuliza, "Mzee, huyo ni farasi au kabati?"

Mzee. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Kupita kona, bendera hii hapa. Sitaki kumsingizia mnyama. Shangazi hakuniomba chochote, ni mimi niliyemlegezea hatamu na kumpiga visigino. Tukapiga shoti. Upepo ukachukua kofia, nikampita yule kijana nikimwambia aje achukue nguo zake kabatini, nikafika nikiwa nimenyoosha mikono juu. Dada alikuwa pale kwenye mstari. Hakunitazama mimi. Alitazama mbavu za Shangazi, jinsi zilivyokuwa zinakwenda, akabonyeza saa.

Tukatoa tandiko, tukamwaga maji shingoni, tukafuta, tukamwaga tena. Dakika kumi, mapigo themanini. Dakika kumi na tano, sabini na nne. Mimi nazunguka nikimweleza shemeji jinsi nilivyomkata yule kijana kwenye kona, namweleza fundi, namweleza Shangazi mwenyewe kana kwamba hakuwepo. Dakika ishirini, sabini na mbili. Dakika ishirini na mbili, sabini na mbili. Hazishuki.

Dada akaweka vidole nyuma ya kiwiko cha Shangazi, akafumba macho. Simulizi yangu ilikuwa bado kwenye kona. Akafumbua macho, akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Akahesabu. Kisha akasema, "Sema kitu."

Nikamuuliza niseme nini.

"Imetosha," akasema. "Nenda nyuma ya lori."

"Dada, mimi ndiye mwenye kumpanda."

"Wewe ndiye mapigo manane yaliyozidi. Akisikia sauti yako anadhani tunakimbia tena. Nenda, na usikohoe."

Nikaenda. Nilikaa juu ya tairi la akiba, nyuma ya lori la kubebea farasi, mkono mdomoni. Dakika tano. Sijawahi kunyamaza muda mrefu kiasi hicho nikiwa macho. Na katika kunyamaza huko nikaanza kusikia vitu ambavyo pengine dada alivisikia siku zote: maji yakidondoka kutoka tumboni mwa farasi, nzi, pumzi ndefu ya puani. Chini ya lori niliona miguu tu. Raba za dada, zile za turubai alizozipaka chokaa. Kwato nne za kijivu. Kisha viatu vya daktari vikaja vikasimama. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mwanamke huyu alinifundisha kuhesabu, na mimi nimemhesabia vibaya.

Ndipo nikaona kwato moja ya nyuma inainuka polepole, ikasimama juu ya ncha yake, kama mtu anayeegemea ukuta. Farasi akifanya hivyo, ametulia. Nilijua kabla daktari hajafungua kinywa.

"Sitini na tatu," akasema daktari. Zilikuwa zimebaki dakika mbili kwenye saa.

Shemeji akashika kamba, akamkimbiza Shangazi kwenye njia nyoofu, kwenda na kurudi, miguu safi kama ngoma. Daktari akasema amepita. Raba za dada hazikusogea. Kisha nikamwona anageuza ndoo na kuikalia, taratibu, kama mama aliyetoka shughulini. Shemeji akarudi na farasi, akasimama mbele yake, akatoa hotuba yake ya mwaka. "Basi," akasema. "Wanabaki."

Wakabaki miaka kumi na mmoja. Wanaoanza walikuja na kuondoka, wengine leo wana mvi na farasi wao wenyewe, na ukiwakuta asubuhi wana vidole nyuma ya kiwiko na macho wameyafumba, wote vilevile, utadhani wamezaliwa na mama mmoja. Shangazi alizeeka vizuri, akawa anakagua watoto wetu, kisha hakuwepo. Pale uwanjani siku hizi ni ghala la vigae. Nimepita juzi na gari, nikapunguza mwendo. Sikusikia harufu ya chochote.

Lakini sijamaliza siku ile, maana sehemu tamu bado. Na dada mwenyewe ndiyo kwanza ameingia chumbani humu, amesimama nyuma ya kiti changu, amevaa miwani, anasoma. Asome tu, ukweli haujifichi. Basi, nilipotokeza nyuma ya lori, watu waliojaa uwanja mzima, si chini ya mia tano, wakanyanyuka kwa pamoja wakapiga makofi, mwenyekiti akanivika kofia yake, wakaninyanyua mabegani kama shujaa, wakanizungusha mara tatu huku Shangazi akiinamisha kichwa mbele yangu, na daktari akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona mpandaji wa—

"Mia tano wa wapi? Tulikuwa tisa pamoja na daktari. Na kubebwa ulibebwa kweli, mdogo wangu, maana miguu ilikugomea kusimama. Andika hivyo."