Siku Mama Kola Alipopimwa

Maisha yake yote Mama Kola alikuwa fundi wa kupima watu: mabega, viuno, hata vitambi vilivyofichwa kwa kubana pumzi. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu yake kupimwa, na hakuipenda hata chembe.

Baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole. Mkasi ulimshinda, sindano ndiyo usiseme. Mwanawe, mtoto mwema lakini king'ang'anizi kama kupe, alitaka afunge chumba cha ushonaji, ahamie kwake apumzike. Walibishana weee, mwisho wakakubaliana mtaalamu wa kliniki aje aone mama anashiriki kiasi gani katika maisha ya kila siku. Akionekana hashiriki, cherehani inauzwa.

Mtaalamu, dada mpole, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Mama, nguo unakata mwenyewe?"

"Hakati," mwana akajibu.

"Sokoni unakwenda?"

"Anapelekwa."

"Vifungo?"

"Anafungiwa."

Yalikuwa kweli, ndiyo maana yaliuma. Mama Kola akainamisha kichwa. Katika ukoo wao, ukisaidiwa kazi, husemi umeifanya wewe. Sifa zote humwendea aliyekusaidia. Adabu nzuri, lakini siku hiyo ilikuwa inamponza.

Aliyeshindwa kuvumilia ni wifi yake, mshonaji mwenzake. Zamani hawakuiva chungu kimoja, ugonjwa ndio uliowapatanisha.

"Baba," akamwambia mpwawe, "unamzika mama yako yu hai? Mimi nakata, ndiyo, lakini nakata anaponionyesha. Siku niliyojifanya najua, bwana harusi alikwenda kuoa suruali imeishia juu ya vifundo."

Mtaalamu akacheka. "Basi nimeuliza vibaya. Kushiriki si lazima ufanye peke yako. Mama, kitambaa kikatwe vipi, nani huamua?"

"Mimi."

"Sokoni, nani huchagua na kupatana bei?"

"Mimi. Wifi yangu ukimwachia, ataleta nyanya zilizopondeka."

Wifi akaguna. Sauti ya Mama Kola ilikuwa imeanza kupanda.

"Na ukienda kwa mwanao?"

Sauti ikashuka tena. "Kila Jumapili nakaa kwenye kochi. Naletewa chai, naletewa chakula. Nikiinuka naambiwa nikae. Hata wajukuu wanakatazwa kunisumbua."

"Basi hapo ndipo unaposhiriki kidogo kuliko kote," mtaalamu akasema, taratibu, bila nia ya kumchoma mtu.

Mwana alichomeka. Kochi lile lilikuwa bora kuliko yote nyumbani kwake, na alilinunua kwa ajili ya mama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mno kunipumzisha, mwanangu."

Cherehani haikuuzwa. Jumapili iliyofuata Mama Kola alilipita kochi, akaenda kukaa kwenye kiti cha jikoni, wajukuu wawili wamemning'inia magotini. Mwanawe alikata vitunguu huku machozi yanamtiririka.

"Hicho kitunguu kimekukosea nini? Kata chembamba. Punguza moto. Chumvi bado."

Alifurahi, alifurahi kwelikweli, mpaka maumivu ya vidole akayasahau. Chakula kilichelewa, lakini kilikolea. Mkwewe, mke wa mwana, alirudi kutoka kazini, akaonja, akashangaa.

"Leo nani kapika?"

Mwana akafuta macho, akamtazama mama yake.

"Mimi," akajibu Mama Kola.