Bunduki Safi Haina Ushahidi

Kuna wanaume wapenda mpira, kuna wapenda wake za watu, na kuna mlinzi wa ghala la matairi, ambaye alipenda kusafisha bunduki. Wenzake walimwita Kitambaa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta bila kitambaa cheupe kikichungulia mfukoni mwa shati. Mkewe, mtu asiyeweka neno tumboni, aliiita bunduki hiyo mke mwenzake.

"Mwenzangu kaogeshwa leo?" humuuliza akirudi kutoka kazini.

"Kaogeshwa."

"Kapakwa mafuta?"

"Kapakwa."

"Haya. Na mimi nipo."

Cha kuchekesha ni kwamba bunduki yenyewe haikuwa na kazi. Ilikuwa kongwe, ya mtutu mmoja, yenye kitako kizito cha mbao, na pale lindoni haikuwahi kulia hata kumtisha paka. Ilipigwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya shabaha, walinzi wote wa kampuni walipopelekwa machimboni kutoboa madebe, na madebe mengi yakarudi mazima. Mtunza silaha wa kampuni alikuwa mwanamke mstaafu wa jeshi ambaye kila mtu, hata meneja, alimwita Afande. Kila mwaka aliwaambia maneno yaleyale: "Ukipiga, safisha siku hiyohiyo, maana masizi ya baruti yakilala ndani yanakula chuma. Usipopiga, ipanguse mara moja kwa mwezi, mafuta kidogo, basi."

Wenzake walishika neno "basi". Kitambaa alishika "safisha", akalifanya dini. Asubuhi aliisafisha kwa sababu imelala, jioni kabla ya kuikabidhi kwa sababu imeshinda. Mvua ikinyesha aliisafisha kwa ajili ya unyevu, isiponyesha, kwa ajili ya vumbi. Afande alikuwa amekwisha kumlalamikia kwa meneja kwamba mafuta ya walinzi wote yanaishia kwenye bunduki moja. Nyumbani bwana huyu hakuwahi kuosha hata kijiko.

Sasa, wezi hawana adabu, wakaja mchana kweupe. Jirani na ghala palikuwa na kiwanda cha mbao chenye jenereta bovu, lililopasuka kwa kishindo kila mara kama mtu aliyeshiba maharage, kwa hiyo mtaa ule ulikwisha kuzoea milio. Pikapu ikarudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma, wakashuka wanaume wanne wenye haraka, kufuli likakatwa, matairi yakaanza kupanda gari. Kitambaa akazunguka jengo na kuwakuta wametoka jasho.

"Simameni hapohapo," akasema.

"Mzee, vumilia, tunamaliza sasa hivi," mmoja akamjibu, tena kwa heshima.

Hilo ndilo lililomuudhi. Akainua bunduki, akaishika ovyo kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, akaelekeza mtutu juu na kufyatua. Bunduki ikalia, yeye akayumba hadi ukutani, na wale wanne wakarukia gari na kutoweka na matairi waliyokwisha kupakia. Mengine yakabaki yakibingirika uani.

Mlinzi yeyote mwenye akili zake angepiga simu. Kitambaa alifungua bunduki, akatoa ganda la risasi, akachungulia ndani ya mtutu na kuona masizi. Masizi ya kweli, si ya madebe ya machimboni. Moyo ukamwenda mbio kuliko alipowaona wezi. Akaketi juu ya tairi, akatoa ufito wake, brashi yake na chupa yake ya mafuta, akasugua mpaka ndani kukang'aa. Alifuta kitako. Alifuta hata ganda tupu, ndani na nje. Alipotosheka, ndipo alipompigia simu msimamizi wake kumwambia kwamba wameibiwa.

Msimamizi akaja na pikipiki, akasikiliza hadithi yote, akainamisha pua kwenye mdomo wa mtutu. Palinukia mafuta matupu. Akalichukua ganda, likawa linametameta kama kifungo cha koti.

"Umewapiga na nini," akauliza, "mdomo?"

Akawauliza watu wa kiwanda cha mbao kama wamesikia mlio. Wakasema wamesikia mingi, wa jenereta.

Kesho yake asubuhi Kitambaa alisimama mbele ya meza ya meneja, bunduki ikiwa imelazwa juu ya meza katikati yao. Meneja alikuwa na maelezo yake tayari: mlinzi alilala, au aliwafungulia wenzake. Ganda ni la siku ya shabaha, walinzi wanayaokota na kwenda kuwaonyesha watoto. Na hiyo risasi inayopungua kwenye hesabu labda ilimla kanga wa mtu.

"Nilipiga, bosi," Kitambaa akasema. "Naapa nilipiga."

"Umepiga bunduki ikatoka safi kuliko nilivyokununulia?"

Afande, aliyekuwa amesimama dirishani, akakohoa. Akaeleza kwamba chuma kina jasho lake. Bunduki iliyopigwa, hata ikisafishwa vizuri, ikilala usiku mmoja hutema masizi yaliyojificha, ndiyo maana jeshini walikuwa wakiisafisha tena siku ya pili na ya tatu. Waipitishe kitambaa sasa hivi. Kikitoka kimechafuka, mtu kasema kweli.

Meneja akakubali. Afande akachana kipande cha kitambaa cheupe, akakivisha kwenye ncha ya ufito, akakisukuma taratibu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Akachana kingine. Cheupe. Na Kitambaa, Mungu amsamehe, akatabasamu. Hakuweza kujizuia. Kazi yake yote na jina lake vilikuwa vinazama mbele ya macho yake, na yeye alikuwa anafikiri kwamba jeshi zima halijawahi kusafisha namna ile.

"Unacheka nini?" meneja akauliza.

"Sicheki, bosi."

Afande akajaribu tena. "Meneja, usafi huu si wa kawaida. Hii imesuguliwa juzijuzi na mtu aliyekuwa na sababu."

"Huyu anasugua kila siku bila sababu. Si wewe uliyeniambia?"

Afande akakusanya vitambaa vyake, maana ni yeye kweli. Meneja akatoa hukumu: kesho Kitambaa alete sare, na polisi watakuwepo kumuuliza anawajuaje wenye pikapu.

Alirudi nyumbani akiwa mdogo. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kutia utani hata mmoja, jambo lililomtisha Kitambaa kuliko polisi. Kisha Kitambaa akasema eti sare irudishwe imefuliwa, asije akasemwa kwamba karudisha shati chafu. Akaanza kulivua, na alipoinua mkono wa kulia akaguna.

"Simama hapo," mkewe akasema. "Geuka."

Bega lilikuwa limevilia damu, jeusi katikati, la zambarau pembeni, limevimba kama andazi.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga." Kitambaa akakunja shingo kujitazama, akashangaa kweli. Tangu jana kulikuwa na maumivu upande ule, lakini alidhani ni fedheha.

Mkewe akaketi kitandani. Akaweka kiganja juu ya lile bega bila kulibonyeza. "Hili shati halifuliwi," akasema. "Vaa hivyohivyo. Kesho nakwenda na wewe."

Meneja hakuwa amealika wake za watu, lakini alipoinua kichwa mama alikuwa amekwisha kuingia ofisini, akampita polisi mlangoni na kumwamkia vizuri.

"Vua shati," akamwambia mumewe.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu. Wamekuita mwizi mbele za watu."

Akavua. Alisimama pale kifua wazi kati ya makabati ya faili, mwembamba, mwenye mbavu za kuhesabika, bega moja jeusi. Mkewe akamshika na kumgeuza upande wa dirisha ili waone vizuri.

"Mtutu ameusafisha. Ganda amelisafisha. Angejua kwamba hili nalo limechafuka angelipitisha brashi, lakini huyu bwana hajui kama ana mwili. Haya, likataeni na hilo."

Afande, aliyekuwemo ofisini, alikuwa amekwisha kwenda kwenye ghala lake la silaha. Akarudi na bunduki, akaifungua kuhakikisha ni tupu, akakisogeza kitako begani kwa Kitambaa. Pembe ya kitako ikakaa juu ya jeraha mahali pake hasa. Polisi akainama kutazama, akasema hii ni ya juzi, na kwamba yake ya mafunzoni ilikuwa hivihivi, alishindwa kula kwa mkono wa kulia wiki nzima. Meneja akawatazama mmoja mmoja kana kwamba walikuwa wamekula njama, kisha akasugua paji la uso.

"Rudi lindoni," akasema. "Lakini siku nyingine ukipiga, usiiguse mpaka Afande aione."

"Ikae na masizi?"

"Ikae na masizi."

"Mpaka lini, bosi?"

Meneja akavuta faili jingine. Mkono wa Kitambaa ulikataa kupanda, kwa hiyo mkewe ndiye aliyemvisha shati, akaanza kumfunga vifungo kutoka chini. Kitambaa akamtazama usoni kutoka karibu, akaona macho mekundu, yamevimba, ya mtu aliyelia mpaka alfajiri, na akaona haya kwamba alilala kando yake usiku kucha bila kujua.

"Hukulala wewe?" akamuuliza.

"Ningelalaje," mkewe akasema. "Inua kidevu nifunge cha juu."