Kibakuli Kilichojaa

Itangazwe kwa wote, walio hai, walio likizo na walio Urusi, kwamba Bi Kanishai Sadirova, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, wa Kituo cha Bega kwa Bega kinachohudumia wazee majumbani mwao, ametunukiwa cheti cha Mjenzi Bora wa Mahusiano ya Kitaaluma na Wateja kwa mkoa mzima, pamoja na saa ya ukutani isiyo na betri. Alipata alama ishirini na sita kwa ishirini na sita. Hata walioitunga fomu hawakutegemea.

Sasa tuseme na yale ambayo cheti hakikuandika.

Kanishai alikuwa mwalimu wa chekechea mpaka chekechea ikafungwa kwa kukosa watoto. Watoto walishawafuata wazazi wao Urusi. Mumewe naye alikwenda huko kujenga maghorofa kwa msimu mmoja, na msimu huo sasa una miaka kumi na minne. Binti yao yuko hukohuko, hupiga simu siku ya Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya wa machipuko, kuuliza kama theluji imeyeyuka. Kanishai anaishi ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo wakati wa baridi madirisha yenye taa ni manne. Jioni akichemsha chai hujitilia theluthi ya kibakuli. Birika ni lake, hakuna anayemtazama, lakini hujitilia kidogo, akanywa, akajiongeza, kama mgeni anayebembelezwa asiondoke.

Maana kwetu chai ina kipimo. Unayempenda unamtilia kidogo, ili amalize upesi, akurudishie kibakuli, umtilie tena. Katika kurudishiana huko ndimo maongezi yalimo. Ukitaka aende, unamjazia hadi ukingoni. Hakuna neno linalosemwa. Anakunywa, anatafuta kofia yake.

Wateja alikuwa nao tisa, lakini wa Jumanne na Ijumaa alikuwa Bubusara, bibi wa miaka themanini na moja, opereta wa zamani wa simu za mji huu. Kwa miaka thelathini na moja alichomeka nyaya na kusikiliza ndoa zikivunjika na ng'ombe wakiuzwa, na kwa madai yake mwenyewe hakutoa siri hata moja. Magoti yalikuwa yamemgomea. Wanawe watatu walikuwa ukutani, kwenye fremu.

Siku ya kwanza Kanishai alipofika na daftari na mashine ya kupimia presha, alijaziwa kibakuli kabla hajakaa vizuri. Akanywa, akaondoka. Ijumaa vilevile. Ikawa hivyo miezi mitatu. Hakujitetea wala hakuleta yale maneno laini ya semina. Aliingiza makaa, akayeyusha bomba lililoganda, akamsomea barua za pensheni kwa sauti, akanywa kibakuli chake kilichojaa, akaenda. Mwezi wa nne chai ikashuka chini ya ukingo, kiasi cha upana wa kidole. Kanishai alipoiona alikipokea kibakuli kwa pupa, akaimwaga.

Bibi akamwambia anywe, asimwoshee zulia.

Baridi ya pili chai ilishuka hadi nusu, ya tatu hadi theluthi, na siku moja ya theluji nzito walikunywa vibakuli kumi na kimoja kila mmoja, wakausema mji mzima, waliokufa kwanza. Kama ipo njia nyingine ya kujenga uhusiano na mteja, huku milimani haijafika.

Kilichofika ni Ulukman.

Huyu alikuwa mkurugenzi mpya, miaka ishirini na tisa, kakulia mji mkuu, anakunywa chai ya kifuko huku uzi ukining'inia nje ya kikombe kama mkia wa panya. Alirudi kutoka kozi ya siku kumi na moja na fomu yenye vipengele ishirini na sita. Mfanyakazi asile wala asinywe kwa mteja zaidi ya kibakuli kimoja cha heshima. Asimwite mteja mama, wala asikubali kuitwa mwanangu. Asikae zaidi ya dakika arobaini. Asizungumze naye mambo ya ofisini. Kila mfanyakazi angefuatwa kazini na kupimwa, na atakayeonekana amezama kwa mteja, mteja huyo atapewa mwingine.

Ijumaa Kanishai akamweleza bibi yote, jambo ambalo lenyewe lilikuwa kosa, kipengele cha tisa.

"Mteja," Bubusara akasema, kama anayeonja maziwa yaliyolala. "Kwani unaniuzia nini?"

"Ndivyo wanavyotaka tuseme, mama."

"Na huyo kijana wenu akikuta tuko kibakuli cha nane?"

"Nitaondolewa hapa. Atakuja mwingine."

Bibi akavunja mkate, akamsukumia kipande. "Enzi zetu mkuu wa simu alikuwa anatuzukia ghafla. Wote tulikuwa tunasikiliza watu, lakini usingemwona hata mmoja anasikiliza. Wewe njoo tu Jumanne."

Jumanne walikuja wawili. Ulukman aliketi kwenye zulia na miguu isiyojua kukunjika, fomu magotini. Aliletewa mkate, akaukataa kwa adabu za kozi. Kwetu hata anayekimbilia basi humega kidogo, na bibi alimtazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia sebuleni. Kanishai naye hakuugusa.

Kisha Bubusara akashika birika. Chai ikapanda, ikapita theluthi, ikapita nusu, wala haikusimama. Ilifika ukingoni, ikatuna.

"Karibu, mfanyakazi," alisema. "Kunywa. Najua una safari nyingi."

Kanishai akamtafuta usoni. Alitaka hata kope moja icheze. Lakini opereta hapepesi jicho mkuu akiwa chumbani, na uso ulikuwa uleule wa siku ya kwanza. Kwa akili alijua huenda ni mchezo, tena wa kumwokoa yeye. Lakini kibakuli kilichojaa hakishikwi kwa akili. Kilimuunguza vidole, kisha ulimi. Alikinywa chote, akapima presha, akaandika, akavaa kofia. Dakika kumi na nane. Ulukman alitoka pale karibu alie kwa furaha.

Alama ishirini na sita. Na kwa kuwa kipaji kama hicho hakipotezwi kwa vikongwe, Kanishai akapandishwa kuwa mkufunzi: akae ofisini, awafundishe wenzake, wateja wake wagawanywe. Kipengele cha mwisho kilimkataza kumtembelea mteja wa zamani kwa miaka miwili.

Utasema angekwenda kwa kuibia. Mji wenyewe una barabara mbili. Lakini kwetu nyumba iliyokujazia kibakuli hurudii mpaka uitwe, na hakuna aliyemwita. Opereta wa zamani hana simu; anasema alizosikia zinamtosha.

Basi Jumanne na Ijumaa Kanishai alikuwa anasimama mbele ya wenzake sita kuwafundisha namna ya kutoka nyumbani kwa mtu. Akirudi alipita barabara ya chini, akiangalia kama bomba la moshi la bibi linatoa moshi. Lilikuwa linatoa. Akaenda zake. Jioni moja alikaa na chai yake, akaona amejijazia hadi ukingoni bila kujua. Akakitazama kibakuli kile mpaka chai ikafanya utando. Sasa aende wapi, na hapo ndipo kwake?

Aliyepewa Bubusara alikuwa Jipar, binti mchapakazi mwenye sauti kubwa, na wiki moja kabla ya sherehe ya cheti alikuja kulalamika.

"Dada, yule bibi yako mimi ananijazia kila nikifika, sawa, nimezoea. Lakini anatia na kingine, kidogo tu, anakiweka upande wa dirishani. Nikitaka kukisogeza ananigombeza. Kikipoa anakimwaga, anatia tena."

"Siku gani?"

"Siku zangu zote. Jumanne, Ijumaa."

"Vingapi?"

"Nani atahesabu chai ya kumwaga, dada? Kumi hivi. Kumi na kimoja."

Kanishai akarudi kwenye makaratasi yake. Jipar anasema alishika ukurasa mmoja mpaka saa ya kufunga.

Sherehe ikafanyika Jumanne asubuhi. Palikuwa na hotuba mbili, maandazi ya boorsok na mpiga picha. Ulukman, kwa ukarimu wa kujifunza, alishika birika yeye mwenyewe, akamtilia mshindi chai kwa mkono wake, na kwa kuwa alimheshimu sana alimtilia nyingi, mpaka ikatuna ukingoni. Akamkabidhi cheti na ile saa, akawaomba wote watoe kalamu, akamwomba Bi Kanishai awape siri ya kujenga uhusiano na mteja.

Kanishai akakitazama kibakuli. Akanywa chote, taratibu, watu wakisubiri. Kisha akatafuta kofia yake.

"Mmenijazia," alisema. "Naenda zangu."