Mama, Mume Wangu na Mto Yordani

Waumini wa kanisa letu hapa Nyamira walipoamua kwenda kuzuru nchi za Biblia, walinichagua mimi kuwa katibu wa safari kwa sababu ninafundisha jiografia. Eti mtu akijua kuchora mto Nile ubaoni, atajua pia kupanga vyumba vya hoteli ng'ambo. Nilikubali. Mume wangu ni mzee wa kanisa na ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, na mke wa kiongozi akikataa kazi huulizwa kwa upole kama bado anaomba.

Matatizo ya mwanzo yalikuwa ya kawaida. Kampuni ya Nairobi iliyotuandalia ziara ilitupangia kuruka Jumamosi, ikabidi tuieleze kwamba sisi Wasabato Jumamosi hatuendi hata sokoni. Kisha nikawaita watu waje na mabegi yao kanisani tuyapime kwa mizani tuliyoazima kwenye kituo cha kununulia majani chai. Loo! Begi la kwanza lilikataa kuinuka. Ndani mlikuwa na kiboko aliyechongwa kwa mawe laini ya Tabaka, zawadi ya mtu atakayetutembeza huko. Begi la pili lilikuwa na kiboko na mtoto wake. Kila mmoja alikuwa amelipata peke yake wazo lile lile la ukarimu, na kila mmoja aliniapia kwamba wake ni mdogo tu. Nikawapanga wanyama juu ya benchi, safina nzima bila Nuhu, na wenyewe wakaninunia. Mama yangu alikuwa na kibakuli cha jiwe hilo hilo. Nilikitoa, akakirudisha nilipogeuka.

Mama ni mjane anayeishi kijijini Gesima, na amechuma chai maisha yake yote. Alibatizwa akiwa msichana katika kidimbwi cha tope chini ya shamba, siku ya baridi kali, akiwa na mafua. Tangu hapo amekuwa akisema kwamba kabla hajafa atazama tena, na safari hii katika Yordani yenyewe. Tulikuwa tukimcheka. Lakini sasa magoti yake yalikuwa yanaisha, na daktari alisema asafiri sasa au asahau. Kwa hiyo sikutaka kusikia habari ya mtu yeyote kumzuia.

Waliomzuia ni yeye mwenyewe na mume wangu. Kwetu Kisii kuna chinsoni, ile heshima inayomweka mtu mbali na mkwe wake. Mama hamshiki mkono mume wa binti yake, hali naye meza moja, wala halali nyumbani kwake hata mvua inyeshe mawe. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha wakicheka meno yote nje. Heri yao. Mama na mume wangu ni wa kizamani. Tangu niolewe wamekuwa wakisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama migomba.

Basi yule ajenti wa Nairobi akanipigia simu, sauti imejaa asali. "Dada, nimewaweka mama na mzee viti vya pamoja kwenye ndege. Wakae kifamilia."

"Watenganishe," nikamwambia.

"Kwani wamegombana?"

"Hapana. Wanaheshimiana sana."

"Sasa, dada, kama wanaheshimiana…"

Suala likaenda kwenye kamati. Wazee wazima, wenye miwani na Biblia, walijadili kama ndege ni nyumba moja. Mmoja akauliza ndege ina milango mingapi. Akajibiwa ni mingi. Basi si nyumba moja, wakaamua, na mama atakaa mbele, mkwe nyuma. Hoteli nayo ikapita kwa hoja kwamba mwenye nyumba ni Mwarabu, si mkwe. Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao huku nikiuma ulimi nisicheke mbele ya watumishi wa Bwana.

Kisha ajenti, kwa bidii yake isiyoombwa, akatuma picha ya wageni wengine wakizama Yordani. Kanzu nyeupe, nyepesi, zimelowa na kugandamana na miili. Mume wangu aliiona kwanza, akaiweka simu chini kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Mama watoto," akasema, "mimi siendi. Tafuteni kiongozi mwingine."

Asubuhi yake nikapanda Gesima. Nikamkuta mama amekaa mlangoni, begi lake limefunguliwa, nguo zinarudishwa kabatini. Naye alikuwa ameonyeshwa picha ile. "We mwalimu," akaniambia, "nitazamaje vile na mkwe wangu akiwa ukingoni? Mwache aende yeye. Ni kiongozi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirikia wote wawili, na ajenti, na aliyebuni kanzu nyeupe. Watu wawili waliotamani mto mmoja, kila mmoja anamwachia mwenzake, na mimi katikati napeleka ujumbe juu na chini, kwa sababu wao hawawezi kulizungumza neno kama hilo ana kwa ana. Mwishowe mume wangu akasema, "Mwambie mama aende. Mimi pia nitaenda, na nitajua la kufanya." Nilimbana aseme ni lipi. Akaniuliza kama viatu vyake vimepigwa rangi.

Tukasafiri. Sitawachosha na habari za ndege, wala za kaka mmoja aliyesali kwa sauti kila ilipotikisika. Siku ya mto, basi liliegeshwa mbali kidogo na ukingo. Watu wakashuka wakiimba. Mume wangu, mtu aliyefundisha somo la mto ule kanisani miaka na miaka, anayejua kila aliyevuka na alivuka kwa nini, akavuta pazia la dirisha lake, kisha la jirani, akabaki kitini. Mtembezaji akatuhesabu, akaona mmoja amepungua, akarudi kumwita. "Mzee, Yordani ni hapo tu!"

"Najua," akajibu, na hakuinuka.

Mama alishuka majini akishikwa na mchungaji upande mmoja na mimi upande wa pili, magoti yakimtetemeka. Akatazama maji, akacheka kwa sauti. "Aka! Ni tope, kama kwetu!" Kisha akazama, na alipoibuka alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na mimi vivyo hivyo.

Nilimvalisha nguo kavu na kilemba. Hakuuliza mkwe wake yuko wapi. Alifungua mkoba, akatoa kile kibakuli cha Tabaka nilichomkataza, akainama kwa shida, akakijaza maji ya mto. "Mpelekee baba watoto," akasema. "Taratibu, usimwage."

Nilipanda nacho basini. Mume wangu alikuwa amekaa gizani, kofia mapajani. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Amevaa?"

"Amevaa, na kilemba juu. Shuka basi uuone mto, bado kuna nafasi kidogo."

Akakipokea kibakuli kwa mikono miwili, jinsi tunavyopokea kitu cha mkubwa wetu. Akachovya vidole, akajipaka maji usoni, akakaa akikitazama mpaka dereva akawasha basi na watu wakaanza kupanda.

"Mwambie mama," akasema, "nimeuona."